Siku Mama Alipopanda Mzani wa Ndege

Mama yangu ana ugomvi wa siku nyingi na mizani. Kila msimu wanunuzi wa mazao wanakuja kijijini kwetu Mlali na mizani yao ya kuning'iniza, na kila msimu gunia lililomvunja mtu mgongo linasoma kana kwamba limejaa manyoya. Kwa hiyo nilipomweleza kwamba kwenye ndege ndogo za kwenda visiwani hata abiria hupimwa, aliuliza, "Anayepima ni nani, wao au sisi?" Nikamjibu ni wao. Akaguna tu.

Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mdogo wangu, mwalimu aliyeolewa Pemba, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza na maziwa hayatoki. Wakwe zake wanampenda, wanampikia supu ya pweza na samaki wa kila namna, lakini tumbo lake lilikuwa linakataa kila kitu. Akipiga simu, mtoto analia na yeye analia. "Mama, nataka uji wa uwele. Wa kwako." Basi mama akaosha uwele, akauanika, akausaga, akajaza mfuko. Kwetu uji wa mzazi hukorogwa na mama yake, haukabidhiwi mtu mwingine.

Mimi nikakata tiketi mbili, yake na yangu, kwa sababu nilikuwa na hakika kabisa kwamba bila mimi mama angepotea kati ya mlango wa uwanja na ngazi ya ndege. Mimi mtu wa ofisini bwana, nimeshapanda ndege, najua kufunga mkanda.

Asubuhi ya safari, nyumbani kwangu hapa Dodoma, mama alikula ugali na maziwa ya mgando kama mtu anayekwenda kulima. Akashushia na maji, kikombe baada ya kikombe. Akavaa gauni, juu yake kitenge, juu yake kitenge kingine, halafu sweta, halafu koti langu la baridi alilolitoa kabatini bila hata kuomba.

"Mama, Pemba kuna joto!"

"Najua ninachofanya."

Sikuelewa mpaka tulipofika uwanjani. Kijana wa shirika la ndege, mpole kweli, alimwamkia shikamoo, akamwomba apande mzani. Mama akapanda kwa madaha, mkoba begani, akajaza kifua. Ndipo nikakumbuka mnadani, jinsi mbuzi wanavyonyweshwa maji ya chumvi kabla ya kupimwa ili wasipunjwe bei. Jamani, mama yangu alikuwa amejinywesha! Maisha yake yote hajaona mahali ambapo mwenye kilo nyingi anapata hasara.

Kijana akatazama namba, akapiga hesabu zake, akajikuna kichwa. "Mama, tumezidi."

"Tumezidi!" Mama akanigeukia, meno yote nje. "Umesikia?"

"Maana yake, mama, huu mfuko itabidi ubaki. Utakuja kesho au keshokutwa, nafasi ikipatikana."

Furaha ikamwisha palepale. Akavua koti. Akavua sweta. Akavua kitenge cha juu. Kila alichovua alinitwika mimi, na kijana akamweleza kwa adabu kwamba haisaidii kitu, kwa sababu na dada naye anasafiri.

Mama akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Na huyu ana kilo ngapi?"

Nikapandishwa mzani mbele ya watu, nguo zote mikononi. Namba siitaji hapa. Mama aliisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyu anatosha."

"Natosha nini, mama?"

"Kubaki. Mwacheni huyu, unga upande."

"Mama! Mimi ndiye ninayekupeleka!"

"Unajua kukoroga uji wa uwele?"

Foleni nzima ikacheka. Baba mmoja mnene aliyesimama nyuma yetu, ambaye nadhani alikuwa ameanza kujihofia mwenyewe, akasema kwa sauti, "Mama amesema kweli kabisa."

Nilikasirika, nisifiche. Nikaanza kumwelekeza namna ya kufanya ndege ikitua Unguja kabla ya kuendelea Pemba, akanikatisha, "Mdomo ninao, nitauliza." Akaenda. Hakugeuka kuniangalia hata mara moja. Macho yake yalikuwa kwenye kile kigari kilichobeba mfuko, mpaka alipouona umeingizwa ndani ya ndege. Mimi nikabaki kwenye uzio nimekumbatia koti, sweta na kitenge.

Jioni mdogo wangu akapiga simu. Mama amefika, hakukaa hata kidogo, aliulizia jiko lilipo na kumwomba mama mkwe ampishe. "Nimemaliza bakuli zima, dada." Nikasema vizuri, kwa sauti ya mtu aliyenuna. Siku zilizofuata nilikuwa naitikia simu zao kwa mkato, nisionekane nimesamehe upesi.

Halafu siku moja mdogo wangu akanipigia nikiwa kazini. Tukaongea habari za mvua, za shemeji, za mama ambaye sasa anawafundisha wakwe kula mlenda. Tulikuwa tumeongea kitambo ndipo nikashtuka kwamba hatupigi kelele kama kawaida ili tusikilizane.

"Mbona kimya hivyo? Mtoto yuko wapi?"

"Hapa kifuani. Ananyonya, dada. Tangu asubuhi hataki kuachia."

Nikaweka simu mezani, nikalia mbele ya wenzangu bila aibu yoyote. Walipokuja mbio kuuliza kuna nini, nikawaambia nimeachwa na ndege, na ninamshukuru Mungu.