Jina Alilokwenda Nalo Vitani

Bibi yangu aligombana na kila mtu aliyemwambia atoke Inyonga, na aliyemwambia mara nyingi kuliko wote nilikuwa mimi. Miaka ile ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya msingi Mpanda mjini. Nilikuwa na chumba na sebule, nilikuwa na kitanda cha ziada, na sababu nilikuwa nayo. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linafuata. Chai alikuwa anaimiminia nje ya kikombe huku akiapa kwamba kikombe ndicho kibovu. Hospitali walikuwa wameniambia kwamba mwezi wa nane wangekuja madaktari wa macho, wakae mwezi mmoja wakifanya upasuaji, kisha waondoke, na hakuna aliyejua kama wangerudi tena. Mgonjwa alitakiwa awepo mjini siku kumi.

"Siku kumi nilale kwa watu?" Bibi akaniuliza. "Mume wetu akirudi akute jiko limepoa?"

Mume wetu! Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, utani wa kila nyumba, lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa anamngoja kweli. Babu alikwenda kupigana vita ya Mwingereza, ile ya pili, mama yangu akiwa bado tumboni. Mama akazaliwa, akakua, akaolewa, akanizaa, akafariki nikiwa mdogo, bibi akanilea mpaka nikawa mwalimu, na muda wote huo babu yuko safarini.

Wanaume wa ukoo wetu ni warina asali. Wanaingia porini na mizinga yao, wanakaa kambini mwezi, miezi miwili. Mume akiwa kambini, mke halali nje ya nyumba yake hata usiku mmoja, na moto wa jikoni hauzimwi. Akifa, watu wanakaa matanga, mjane ananyolewa, moto unazimwa, na kuanzia hapo ni mtu huru, aende atakako. Lakini kumlilia mtu ambaye hujui kama amekufa ni kama kumuua kwa mkono wako. Kwa hiyo bibi hakuwa mjane, na mume pia hakuwa naye. Alikuwa mlinzi wa jiko, miaka hamsini.

Mimi jambo hilo lilinipandisha hasira mpaka kichwa kikauma. Nilikuwa nimesoma chuo, nafundisha sayansi, halafu bibi yangu awe kipofu kwa ajili ya mafiga matatu! Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikamletea padri aje kumshauri. Padri alikula kuku mzima, akamshauri, akashindwa. Ndipo nikaamua: kama kinachomfunga ni babu, basi nitamtafuta babu. Akiwa hai nimlete kwa shati. Akiwa amekufa, nilete habari, tulie, tumalize, twende hospitali.

Tulichokijua kilikuwa kidogo. Wakati ule wa ukoloni wanaume walikuwa wanakusanywa kwa nguvu kupelekwa mashamba ya mkonge. Babu akasema bora bunduki kuliko mkonge. Hakungoja kukamatwa. Alikwenda kwa miguu yake mpaka Tabora, akajitolea, akaandikwa askari wa miguu. Mtu mmoja aliwahi kuleta salamu kwamba alimwona akipanda treni ya kwenda pwani pamoja na wenzake, wakiwa na makoti mapya. Baada ya hapo, kimya.

Likizo ya mwezi wa sita nikapanda treni kwenda Tabora, nikakaa juu ya gunia la mahindi la mtu kwa sababu kiti changu kilikuwa na watu watatu. Nilikuwa nimesikia kuna ofisi ndogo ambapo wazee waliopigana vita ile hukutana, na kwamba wana daftari. Nikakuta kweli, chumba kimoja, benchi mbili, na karani mzee ambaye mwenyewe alikuwa askari. Nikamwamkia, akaitikia, akasafisha miwani yake kwa pindo la shati.

"Jina?"

Nikamtajia jina la babu, na la baba yake.

"Kabila?"

"Mkonongo."

Alipitisha kidole mstari kwa mstari. Kesho yake nikarudi, akapitisha tena, daftari la pili, la tatu. Siku ya tatu akalifunga, akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, huyu mtu hakuandikwa. Nisikudanganye. Wengine waliaga nyumbani kwamba wanakwenda jeshini, kumbe wanakwenda migodini. Wengine wakavuka Kongo wakaoa huko."

Njia nzima ya kurudi nilimjengea babu nyumba Kongo. Nikampa mke mnene, watoto saba, na redio. Treni ilipofika Mpanda nilikuwa namchukia mtu ambaye sijawahi kumwona hata kwa picha. Nikapanda basi siku iyo hiyo kwenda Inyonga, na hasira zangu zote mkononi.

Bibi alikuwa uani anapepeta mahindi kwa kupapasa. Sikuweka hata mkoba chini.

"Bibi, mume wako hakwenda vitani!" nikasema. "Daftari zote hayumo. Alikwenda kwa mwanamke. Wewe unakesha na moto, mwenzio kazeekea kwa watu!"

Naona aibu kuandika maneno hayo, lakini ndiyo niliyosema, na nilisema kwa sauti ya darasani. Bibi aliweka ungo chini. Nilijua atanipa vidonge vyangu, maana mdomo alikuwa nao. Badala yake aligeuza uso kufuata sauti yangu.

"Ulipeleka jina gani?" akauliza.

"Jina lake! Jina la babu!"

"Lile la hapa nyumbani?"

"Kwani ana lingine?"

Akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mwe! Mtoto huyu wamemsomesha nini huko? Kuna mrina asali anayeingia porini na jina la nyumbani?"

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo kila mwanamke wa rika lake alilijua, na kwa kuwa kila mmoja alilijua, hakuna aliyekumbuka kunifundisha. Mwanamume akienda kambini huacha jina lake nyumbani, kwa mkewe. Huko anaitwa jina la porini, ili pori lisimjue, lisimzoee, lisimng'ang'anie. Mke analijua jina hilo lakini halitamki ndani ya ua mpaka mume arudi. Akilitamka, ameliita pori mlangoni. Babu aliposimama mbele ya mzungu wa kuandikisha, aliona ile ni safari ya porini kama zingine, ila ndefu. Akatoa jina la porini.

"Na kabila hakusema Mkonongo," Bibi akaongeza. "Walikuwa wanawataka Wanyamwezi. Alisema hivyo tangu hajaondoka, atajiita Mnyamwezi, wamchukue haraka."

Miaka hamsini watu walikuwa wamemuulizia mtu huyo, kwanza kaka zake, ambao hawakuwaza kwamba hata vita aliihesabu pori, kisha mama yangu, sasa mimi, na sote tulikuwa tunauliza kwa jina alilolificha.

"Sasa niambie hilo jina."

"Thubutu!"

"Bibi!"

"Nimesema sitamki. Kama yuko hai nimponze mimi?"

Siku mbili hatukusemeshana, isipokuwa leta chumvi, funga mbuzi. Na usifikiri nilikuwa namdharau. Nilikuwa nimeanza kumwelewa, na kumwelewa ndiko kulikoniumiza. Kwa miaka yote hiyo kitu pekee alichoweza kumfanyia mumewe kilikuwa kunyamaza, na mimi nilikuwa namtaka aache hata hicho. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta amevaa kanga zake nzuri, ameshika fimbo.

"Nyanyuka," akasema. "Jina la porini linatajwa porini. Nipeleke."

Tulipita shamba la tumbaku la jirani, tukapita shamba la mwisho la mahindi, mpaka miti ya miombo ilipoanza. Alikuwa amenishika kiwiko, ananikanyaga visigino, ananilaumu kwamba natembea kama askari. Wanawake hawakuwa wakienda upande ule wa kambi. Tulipofika kwenye miti aliuliza kama mashamba bado yanaonekana nyuma. Nikamwambia yanaonekana kidogo. Akasema twende mbele. Kisha akasimama, akanivuta sikio kama alivyokuwa akinivuta utotoni, akaniambia jina lile mara moja tu.

Sitaliandika hapa. Ni jina fupi, la mtu anayetembea sana.

Nilimwandikia karani wa Tabora barua, na jibu likaja baada ya majuma matatu, madaktari wakiwa wameshafika. Nilisoma nimesimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Jina lilikuwepo. Mnyamwezi, askari wa miguu, wa kujitolea. Alifariki kwa ugonjwa huko Bama, yaani Burma, ng'ambo ya bahari, kabla vita haijaisha. Chini yake karani aliongeza kwa mkono wake: mwenzake wa kikosi kimoja yuko hai, anaishi Magamba.

Magamba! Hapo hapo pua na mdomo na Mpanda, nilikuwa nakwenda kila wiki kununua karanga. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia, na watoto wa darasa la nne wakanitazama dirishani.

Mzee mwenyewe nilimkuta anapanga matofali ya udongo juani, mrefu, mguu mmoja hauna vidole viwili. Nilipotaja jina lile aliacha tofali likaanguka.

"Wewe nani yake?"

"Mjukuu wake."

"Ana mjukuu," akasema, akakaa chini. "Ana mjukuu, jamani."

Nilitaka anisimulie nipeleke habari. Akakataa katakata. Alisema habari ya namna ile inabebwa na mtu aliyekuwepo. Jumamosi tukapanda basi la Inyonga, yeye amevaa koti zito licha ya joto.

Bibi alikuwa mlangoni. Nilipomwambia ni nani niliyekuja naye, alitandika mkeka, akakaa, akafunika kichwa kwa kanga. Mzee naye akakaa kwenye mkeka, kigoda alikikataa.

"Shemeji," akaanza, "nimechelewa. Unisamehe."

Akasimulia polepole. Walikuwa marafiki tangu Tabora. Bama mvua ilinyesha bila kukoma, na babu alipanda juu ya miti kuwatafutia wenzake asali, nyuki wa kule hawakumtisha. Kisha akashikwa na homa, akaugua siku sita. Walimzika wenzake sita kwa mikono yao, kila mmoja akatupia udongo.

"Alikufa na njaa?" Bibi akauliza ndani ya kanga.

"Hapana, shemeji. Siku ile asubuhi alikula uji. Nilimlisha mimi."

Bibi akatikisa kichwa. Nilitegemea kilio, hakikuja bado.

"Alipozidiwa," Mzee akaendelea, na sasa yeye ndiye aliyekuwa anatokwa na machozi, "nilimwambia, ndugu yangu, nipe jina lako la kwenu, niwatafute watu wako. Maana sisi sote tulijua lile la kambini si lake. Akakataa. Akasema lile lipo nyumbani, ameliacha kwa mwenyewe. Nilipomaliza vita nikawa natafuta, lakini ningemuulizia nani? Nilizika mtu nisiyemjua jina. Shemeji, kabla sijafa na mimi, alikuwa anaitwaje?"

Mwanamke wa kwetu hamwiti mumewe kwa jina. Bibi aliniambia mimi hadithi za babu maisha yangu yote kwa kusema mume wetu, au baba wa mama yako. Sasa akafunua uso. Akalisema jina la babu, lote, na la baba yake, na la baba wa baba yake, kwa sauti iliyofika kwa majirani. Mzee akalirudia nyuma yake neno kwa neno, kama mtu anayefundishwa sala. Kisha Bibi akapiga ukunga, na wanawake wakaanza kuingia uani bila kuitwa. Walijua sauti ile ni ya nini. Nililia nao, na katikati ya kulia nikamwomba babu msamaha kwa ajili ya yule mke wa Kongo.

Matanga yalikaa siku nne, na Mzee hakuondoka. Siku ya mwisho walimnyoa Bibi. Alichukua mwenyewe mtungi, akapapasa mpaka jikoni, akamwaga maji juu ya moto, na moshi ukatufukuza sote nje tukikohoa. Nilimwogopea. Nilidhani baada ya pale ataanguka, hatakuwa na la kushika. Nilikaa naye kwenye mkeka bila kusema habari ya hospitali wala madaktari, ingawa siku zilikuwa zimebaki kumi na tatu na nilikuwa nazihesabu. Nilijiapiza safari hii sitamharakisha.

Alijipangusa uso kwa kanga, akageukia upande wangu.

"Basi la Mpanda linapita saa ngapi?"

"Saa tano, Bibi. Lakini si lazima leo, pumzika kwanza, hata kesho kutwa—"

"Saa tano hii?" akasema, tayari anatafuta fimbo yake. "Sasa wewe unangoja nini?"