Siku niliyowafasiria watu neno mupaka

Nikiisema hii habari leo masikio bado inaniwaka moto, lakini afazali muisikie kwangu kuliko kwa watu wa avenue yetu, maana wao wanaongezaga chumvi.

Mimi ni mwalimu wa primeri huku Bagira, na tantine Nabintu, dada ya marehemu papa yangu, ni mujane, anakaa avenue moja na mimi. Mvua kubwa ilibomoa uzio wake na kufukia borne (lile jiwe la simenti lenye linatenganisha kiwanja na kiwanja), na jirani yake, Papa Cirhuza, akapanga mawe mapya, akayapaka chokaa nyeupe, eti kiwanja kipendeze siku ya mahari ya binti yake. Lakini yale mawe yaliingia hatua mbili kwa tantine, na hizo hatua mbili ndiyo njia yake ya kutokea barabarani, hana ingine.

Jumamosi asubuhi shefu wa avenue akaita pande zote mbili, majirani wakajaa, na tantine akanileta mimi kama mutu wake mwenye kusoma. Nikavaa koti. Shefu, mutu wa kupenda maneno mazuri, mbele ya kuanza akaniuliza, "Mwalimu, hii neno mupaka, asili yake nini?"

Sikujua. Ningesema sijui, tungeendelea (nani amekwisha kufa kwa kusema sijui?), lakini macho yote ilikuwa kwangu, nikakohoa, nikasema, "Mupaka inatoka kwa kupaka. Zamani wazee walikuwa wanapaka alama, na penye pamepakwa, ndiyo mupaka."

Watu wakatikisa kichwa kwa heshima. Nikajisikia profesa, labda kwa sekunde tano.

Papa Cirhuza akasimama polepole. "Shefu, mimi sina mengi. Mwalimu wao mwenyewe amesema. Muangalie penye pamepakwa."

Wote wakageukia yale mawe meupe. Nikaharakisha kusema kwamba wazee hawakuwa na chokaa, walipaka udongo tu, na Papa Cirhuza akajibu kwa upole kwamba udongo pia iko, chini ya kila jiwe, nije nione. Mutu mmoja akacheka. Shefu akafungua kayee yake, daftari yake ya kazi, akaanza kuandika, na kila neno aliyoandika nilikuwa naona kichwani tantine akiomba ruhusa ya jirani ili aende misa. Tantine hakuniangalia. Jasho ikanitiririka ndani ya koti.

"Shefu, naomba neno," tantine akasema. "Mimi sikusoma. Lakini mupaka naisemaga kila siku. Naambia batoto, mungoje mupaka nirudi. Natembea mupaka sokoni. Ni fasi, pale penye mutu anafika. Bwana yangu alikuwa analima mupaka chini ya ule muti wa avoka, hapiti. Muchimbe pale, mutakuta borne."

Shefu akaweka kalamu. "Mwalimu, chukua jembe."

Nikachimba mimi, na koti yangu, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu. Matope, mizizi, tena matope. Shimo ikafika magotini na hakuna kitu, Papa Cirhuza akaanza kuangalia saa, na mimi nikawa nasali Bikira Maria kimoyomoyo kama mutoto wa katekisimu. Kisha jembe ikagonga kitu kigumu. Nikapangusa kwa mikono: simenti, na kipande cha chuma kinachomoka katikati, borne yenyewe.

Papa Cirhuza akainama akaigusa, akasema, "Basi, nitayatoa mawe," akaenda zake.

Shefu akanipa kayee niandike mapatano, kwa sababu mwandiko wangu ni muzuri. Nilikaa chini pembeni ya tantine na mikono ya matope, na kila sentensi nilimuuliza kwanza, "Tantine, hii niandike namna gani?" Mupaka leo mutu akiniuliza maana ya neno nisiyoijua, namwambia sijui, na sioni haya. Siku ile tantine alinitajia maneno moja moja, bila hasira, na mimi nikaandika.