Msaada wa Waliokosa Kazi, Mwaka wa Korona

Mwaka ule wa korona, ndege zilipoacha kubeba maua, meneja wa shamba nililofanyia kazi karibu na Mweiga alitukusanya nje ya banda la kufungia maua, akatuambia twende nyumbani tungoje kuitwa. Waridi zilizokuwa zimekatwa asubuhi hiyo zilimwagwa nyuma ya banda, zikawa lundo jekundu ambalo ng'ombe walilinusa wakaliacha. Tulingoja. Mimi sikuitwa tena.

Haukupita muda redio ikaanza kusema kwamba serikali itawasaidia waliokosa kazi, pesa zitumwe kwa simu. Sikuamini. Mama yangu, ambaye anaishi Mukurweini na ndiye aliyenilea peke yake, alizoea kutuambia kwamba kitu cha bure kina mikono miwili: mmoja unakupa, na wewe utafute ule mwingine uko wapi. Lakini nilikuwa na watoto watatu, baba yao alishafariki, na unga ulikuwa unaelekea mwisho. Mzee wa kijiji alipopita akitangaza kwamba uandikishaji utafanyika kwenye uwanja wa kanisa, nilifunga leso nikaenda.

Siku mbili kabla ya hapo kijiji kilibadilika. Kulikuwa na uvumi kwamba mwenye ng'ombe hatapewa, mwenye televisheni hatapewa, mwenye mtu wa kumtumia pesa kutoka Nairobi hatapewa. Jirani yangu, mwanamke wa rika langu ambaye nilitenganishwa naye na ua wa michongoma tu, alihamisha viti vyake vya sofa akavitia kwenye jiko la nje na kuvifunika magunia. Mbuzi wa mtu fulani walilala kwa shemeji yake. Tulikuwa tunaangaliana kupitia mapengo ya ua, kila mmoja akijua mwenzake ana nini.

Pale kanisani alikuwa kijana mmoja mwenye tableti, na mzee wa kijiji amekaa kando yake kama shahidi.

"Unafanya kazi gani, mathe?" kijana akaniuliza.

"Nilikuwa maua. Tumefukuzwa."

"Kuna pesa ingine ya serikali unapata? Ya wazee, ya walemavu?"

"Hakuna."

"Uko na ng'ombe?"

Nilimtazama mzee wa kijiji. Yeye alikuwa anatazama paa la kanisa. "Niko na moja," nikasema, "lakini imekauka."

Kijana akacheka kidogo, akachukua kitambulisho changu, akabonyeza, akanirudishia. "Sawa. Utapata meseji."

Meseji haikuja. Wiki ikapita, na nyingine. Asubuhi moja nikasikia harufu ya nyama ikitoka kwa jirani, na haikuwa Krismasi. Watoto wake walikuwa na viatu vipya vya gambuti. Nilipomkuta kwenye bomba la maji, wanawake wawili aliokuwa akiongea nao wakanyamaza, na yeye akaanza kuongea juu ya mvua.

"Ile pesa imeanza kuingia?" nikamuuliza waziwazi.

"Pesa gani?"

"Ya wasio na kazi."

"Ai, mimi sijui," akasema, akainua mtungi wake kabla haujajaa.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Nilianza kuchunguza watu kama askari. Mwenye bucha pale njia panda, mtu mwenye nyumba za kupangisha, nilimwona kwa wakala wa simu akitoa kitambulisho, na wakala akamwambia, "Ya serikali, ama ya kawaida?" Mzee wa kijiji naye aliweka mabati mapya kwenye choo chake. Nikaunganisha mambo. Nikaamua kwamba jina langu liliondolewa, na pesa zangu ndizo zilizokuwa zinang'aa juu ya choo kile.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alikuwa anakata nyasi za ng'ombe, na hakuacha kukata.

"Mzee, mbona mimi sijapata?"

"Jina yako ilienda."

"Ilienda wapi?"

Hapo akasimama. Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayetazama mwenye kumtania. "Mama, usinichezee. Wewe unajua vile uko."

"Najua nini?"

"Basi kama hujui, uliza serikali." Akarudi kwa nyasi zake.

Maneno hayo yalinikosesha usingizi. *Wewe unajua vile uko.* Nilidhani anasema juu ya ng'ombe. Nilidhani jirani alinisema, kwamba nina kakangu Murang'a anayenitumia kitu, jambo ambalo halikuwa kweli tangu duka alilofanyia kazi lilipofungwa. Niliacha kumsalimia jirani. Mtoto wake alipokuja kuomba chumvi nilimwambia hakuna, na chumvi ilikuwa mezani mbele yake.

Mwishowe nilienda Nyeri, kwenye ofisi ambayo watu walisema inashughulikia malalamiko. Nilipanga foleni nje na barakoa yangu ya kitambaa. Karani aliyenihudumia alikuwa dada mpole mwenye mafua, na kila alipopiga chafya foleni nzima ilirudi nyuma. Aliandika namba ya kitambulisho changu, akasoma, akanitazama.

"Mama, wewe unapata."

"Mimi?"

"Tangu mwanzo. Haijawahi kuruka."

Nikaweka simu yangu mbele yake. "Kwa simu gani? Hii yangu haijaingia hata ndururu!"

"Tulipokosa namba, mfumo ulichukua laini ya zamani zaidi iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako." Akanisomea namba, nami nikaiandika kwenye kiganja kwa kalamu yake, kwa sababu sikuwa na karatasi.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za duka la vitambaa. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekuwa akifungua makufuli, aliniuliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, nimeibiwa, na nimepata namba ya mwizi. "Piga basi," akasema, "mimi nisikie pia." Nikaanza kubonyeza tarakimu moja moja kutoka kwenye kiganja. Nilipomaliza ya mwisho, simu yangu yenyewe ikaandika jina juu ya namba.

*Mami.*

Ilikuwa namba ya mama. Na hapo nikakumbuka: kitambulisho cha mama kilikuwa kimefutika, picha na namba vyote, na aliponunuliwa simu laini yake ilisajiliwa kwa kitambulisho changu. Nilipiga. Haikuwa hewani. Nikakumbuka pia kwamba kwa wiki nyingi simu yake haikuwa hewani, na kila nilipompata kupitia bodaboda wa kwao alisema betri imekufa.

Mwenye duka alinitazama akingoja. "Ni nani?"

"Hakuna mtu," nikasema.

Kumshuku jirani kuna uchungu wake, lakini mtu huuzoea. Kumshuku mama sikujua kunafanywaje. Njia nzima ya Mukurweini nilikuwa nikimtetea na kumshtaki. Hajui kusoma meseji vizuri. Lakini tarakimu anazijua, ameuza ndizi maisha yake yote. Pengine alikuwa na shida. Mbona hakusema? Pengine amempa kaka yangu. Nilipofika nilikuwa nimeshamhukumu.

Nilimkuta akimenya ndizi mbichi nje ya jiko. Hakutaka nimkaribie kwa sababu ya ugonjwa, akanisukumia kigoda kwa mguu. Alinitazama usoni, na kabla sijafungua mdomo akauliza:

"Umeingia kwa kitu gani, mwanangu?"

"Kuingia wapi, mami?"

"Hiyo kitu yenye inatuma pesa."

Aliingia ndani akarudi na debe la mahindi. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa simu, imefungwa kwa plastiki na kitambaa, imezimwa.

"Pesa iliingia," akasema. "Sijamuuzia mtu ndizi. Ikaingia tena. Nikasema ni wale wezi, wanatuma halafu wanakupigia ati urudishe, na ukirudisha wanamaliza yako yote. Nikangoja wapige. Hawakupiga! Mwizi gani hapigi? Sasa nikaogopa zaidi. Nikasema hii ni pesa ya damu. Na jina yenye inakuja kwa hiyo meseji ni yako."

"Ulidhani nimejiunga na wale wa kuabudu shetani?"

"Nimesikia watu wakijiunga kwa sababu ya njaa." Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nikizima, nikasema, labda haitakupata."

Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote mawili. Nilimweleza juu ya kanisa, kijana wa tableti, ofisi ya Nyeri. Alisikiliza akiendelea kumenya ndizi. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Na serikali ikikupa, inataka nini?" Tulipokwenda kwa wakala alikaa nyuma yangu kwa umbali, akanong'oneza sala, na wakala aliponipa pesa mama alizitaka kwanza, akazigeuza noti moja moja kwenye mwanga. Alikataa fungu lake. Alichukua sukari na mafuta, na hata hiyo sukari, kaka yangu aliyemtembelea baadaye aliniambia, ilikaa muda mrefu kabla haijafunguliwa.

Nilirudi nyumbani na kitu cha kumwambia jirani. Nilienda kwenye ua nikamwita. Alikuja polepole, kwa maana tulikuwa hatuongei.

Nilimsimulia yote. Alifunika mdomo kwa leso, akacheka mpaka akashika mti. Kisha akatulia ghafla.

"Kwa hivyo wewe hukuwa unamnyima mzee wa kijiji?"

"Kumnyima nini?"

Alitazama huku na huku. "Ya soda. Kila ikiingia, kila mtu anampelekea kitu. Alisema tukiongea, majina zetu zitatolewa. Na wewe, alituambia kwamba unapata na umekataa kumpa, ati unajifanya hupati. Alisema tusikwambie chochote kwa sababu utatuchomea kwa chifu."

Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mzee alivyonitazama na mundu mkononi. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya waliolipwa, naye aliliona, akaamini mimi ni mjanja kuliko yeye. Mabati ya choo kile hayakuwa yangu. Yalikuwa ya jirani, na ya wale wanawake wa bomba la maji.

Tulikwenda kwa naibu wa chifu, mimi na jirani na mmoja wa wale wanawake, wengine walikataa. Alitusikiliza amekunja mikono, akasema atafuatilia. Katika baraza lililofuata alitangaza kwamba mtu asimpe mtu mwingine chochote kwa ajili ya msaada wa serikali, na mzee wa kijiji alikuwa amekaa kando yake akitikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia habari mbaya za kijiji kingine. Hakuna aliyerudishiwa kitu. Mwenye bucha hakuulizwa.

Pesa ziliingia mara chache tena, safari hii kwenye simu yangu baada ya kurudi Nyeri kubadilisha namba, kisha zikakoma bila tangazo. Jirani alidhani mimi bado napata. Niliona kwa jinsi alivyochungulia nilipochinja kuku. Nikamwita ndani, nikamwekea simu mezani, nikamwambia asome mwenyewe. Alisoma meseji zote, hata zile ambazo hazikuwa za pesa, akanirudishia.

"Ni kweli," akasema. Kisha akaketi, nikampakulia.