Jenereta Inayolazwa kwa Wimbo

Umeme ulikatika katikati ya ibada ya mavuno, kwenye kanisa letu la Kilutheri huku mlimani Meru. Mama mmoja wa kwaya akajifunga kanga juu ya joho, akatoka nje, akavuta kamba ya jenereta mara moja tu. Ikaitika.

Ibada ilipoisha, mgeni niliyekuja naye kutoka mjini akanyoosha mkono aizime.

“Acha, baba!” Mama akaushika mkono wake. “Huku hatuizimi hivyo.”

Akafunga koki ya petroli, akawapungia wanakwaya, wakaanza kuimba wameizunguka. Jenereta ikaendelea kunguruma ikimalizia petroli iliyobaki ndani ya injini. Kwenye ubeti wa pili ikakohoa, ikafa yenyewe.

“Petroli ikilala humo miezi inageuka gundi,” akasema, akifuta mikono. “Siku ukiihitaji, utavuta kamba mpaka bega liteguke.”

“Na wimbo je, mama?” mgeni akauliza.

“Bila wimbo utachoka kusubiri, utaizima.”

Nikainua kidevu kama vile ujanja huo niliubuni mimi. Kwa majirani zangu kule mjini, Themi, jenereta huamshwa kwa mateke na matusi. Kwetu mlimani hulazwa kwa wimbo, na ikiitwa, inaamka.