Muhuri wa Mfuniko wa Chupa

Kinachomkera mama mfagizi wa kituo cha utamaduni ni kiganja cha mwalimu wa lugha. Hata meza ing'ae vipi, kila asubuhi mwalimu huipangusa tena. Nyuma yake zimebandikwa picha za theluji, ambazo hazichakai kwa kuwa ubalozi wa nchi yenye lugha hiyo huleta mpya kila mwaka. Siku ya zoezi la uwanja wa ndege mwalimu hukunja uso, hushika mfuniko wa chupa kama muhuri, akawa afisa uhamiaji. Kwa lugha ya wenyewe huko huuliza, "Umekuja kufanya nini? Utarudi kwenu lini?" Wanafunzi, wote roho juu wakisubiri ufadhili, hujibu walivyofundishwa: "Kusoma. Nikimaliza tu, nitarudi." Hapo mwalimu huyagonga madaftari yao, ko, na darasa huangua kicheko. Miaka saba iliyopita alimgongea hivyo binti yake wa kumzaa, ambaye tangu asafiri hajatia mguu nyumbani.

Jana ilikuwa zamu ya msichana wa mbele, akajibu bila kumung'unya maneno. Mwalimu akainua mfuniko, ukabaki hewani. Akauliza tena, safari hii kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti ambayo mama mfagizi hakuwahi kumsikia nayo: "Utarudi lini, mwanangu?"

Msichana akafunua daftari ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta.

"Hilo bado hatujafundishwa, Mwalimu."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akagonga taratibu, bila mlio.