Ribiti Nyeusi za Bawa Zima

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya hamsini, katika shamba la mkonge kati ya Ruiru na Thika, nilipomshtaki mtu asiye na kosa. Ndege ya abiria ilikuwa imeshuka hapo kwa dharura. Watu walitoka wazima, lakini bawa la kushoto lilikunjamana. Wenye ndege wakamtuma injinia Mzungu aamue: itengenezwe, ama ikatwe iwe vyuma chakavu?

Nilikuwa fundi wa kunyoosha mabati ya magari pale Thika, na niliomba sana itengenezwe. Hiyo ingekuwa kazi ya miezi mitatu, nami nilikuwa na harusi mbele yangu.

Aliyeajiriwa pamoja nami kumsaidia injinia kuikagua ni Mzee Njoroge, mfua sufuria wa mtaa wa Kamenu, pale pale Thika. Siku zile za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikikamata watu ovyo, tulishukiana hata kwa salamu. Mtu akikuuliza umetoka wapi, unajiuliza jibu atampelekea nani. Nami nilimshuku mzee tangu saa ya kwanza. Bawa lililoumia liko kushoto, yeye anashinda kulia, kwenye bawa zima, akipapasa ribiti moja moja, vile vipini vinavyoshika bati. Kisha akasema ndege haifai. Mfua sufuria na alumini yote ile. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

"Baba, bawa lililovunjika ni lile kule," nikamwambia.

"Hilo limeshasema shida yake. Hili bado limenyamaza."

"Ama unapima sufuria zitakazotoka hapo?"

Akacheka kidogo. "Kijana, kama unanishuku, nishuku ukiwa karibu. Kuja uone."

Sikwenda. Nilikwenda kwa injinia nikamwambia mzee anang'oa ribiti.

Injinia akaja na askari wa shamba. Uelewe, mwanangu: siku zile neno kama langu liliweza kumpeleka mtu kizuizini, na nyumbani wakae bila kujua yuko wapi.

"Wewe nataka iba?" injinia akauliza.

Mzee hakujitetea. Akaweka kidole kwenye bati. "Bwana, angalia huu weusi. Mshikio wa sufuria ukilegea, ribiti inasuguana, inatoa weusi kama huu. Hizi hazikulegea jana. Fungua chini yake."

"Ndege hapana sufuria, mzee," injinia akasema.

Hata hivyo Mzungu yule aliijali kazi yake. Akaniamuru mimi nifungue. Nikatoboa ribiti, nikainua bati. Ndani, kwenye mhimili, ule mfupa unaobeba bawa lote, palikuwa na ufa. Nikajaribu kwa ukucha, ukaingia. Tungelinyoosha bawa la kushoto vizuri kabisa, tulipake rangi, na ndege ingepaa na watu ikitegemea bawa ambalo sisi sote tuliliita zima.

Injinia akachungulia ufa ule, akaagiza ndege ikatwe. Askari akaondoka. Ilipokatwa, mzee aliambiwa achague kipande cha alumini. Akakataa.

"Nikichukua hata cha kifuniko," akaniambia bila hasira, "maneno yako yatakuwa ya kweli."

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Fundi asiyeshuku ataua watu. Lakini shuku kitu, ukiguse, ukifungue. Na ukimshuku mtu kwa sababu ya kile anachoweza kupata, jiulize kwanza wewe mwenyewe unatafuta nini. Mimi niliyeitaka ile kazi ndimi niliyekuwa na sababu ya kutouona ufa, na sikujishuku hata kidogo. Tena, ukikosea, mwombe mtu msamaha mbele ya wale wale waliokusikia ukimsema. Mimi nilimwomba mzee pembeni, katikati ya mikonge, tukiwa wawili tu. Alinisamehe, lakini askari yule hakusikia.

Mungu akujalie jicho la subira, na akupe ujasiri wa kusema "nilikosa" kwa sauti ile ile uliyomshtakia mwenzako.