Wingu Nje ya Kikombe

Majira ya baridi ambapo mifereji ya Frisia Mashariki, kwetu pwani ya kaskazini ya Ujerumani, ilichelewa kuganda, Gesche alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na kijiji chetu kizima kilikuwa barabarani kikishindana kurusha matufe ya mti. Tufe lake lilikata kona, likatumbukia mferejini. Alilifuata, maji yakimfika magotini, na kabla hatujafungua vinywa alitangaza kwamba tangu mwanzo alikuwa amewalenga samaki. Ndugu yangu Menno, aliyecheka kuliko wote, alimwoa mwaka huohuo. Ndivyo alivyopata kuwa shemeji yangu, nami nimenywa sehemu kubwa ya chai ya maisha yangu mezani pake.

Krimu ya chai yetu hudondoshwa kwa kijiko ukingoni mwa kikombe, wala haikorogwi. Huchanua yenyewe kama wingu. Mwenyeji naye huendelea kumimina mpaka mtu atie kijiko chake kikombeni, ishara kwamba ametosheka. Gesche hakuwahi kukitia kabla ya kikombe cha tatu.

Vuli moja, miaka mingi baadaye, Menno akiwa ameshazikwa, krimu ya Gesche ilianguka kwenye kitambaa cha meza. Kesho yake ilianguka juu ya mkono wangu.

"Shemeji, wingu limehamia jichoni," alisema. "Kikombe kimenisusa."

Nilimpeleka mjini kwa Daktari Habben, mwanamke mpole, mtaalamu wa macho. Aliona mabaka meupe nyuma ya jicho, akauliza habari za paka na nyama mbichi. Gesche alikiri yote: paka watatu, na nyama mbichi ya nguruwe iliyosagwa, aliyoipaka juu ya mkate kila Jumamosi pamoja na vitunguu. Daktari alihisi ni maambukizi ya vimelea vinavyotokana na paka au nyama mbichi, akampa vidonge. Mimi, ambaye utabibu wangu niliuokota katika majarida ya vyumba vya kungojea, niliafiki nikiinamisha kichwa kwa uzito wa kitaalamu, nikawahamishia paka kwangu, ambako walinitawala.

Vidonge vilikwisha, mabaka yakazidi. Daktari akauliza taratibu kama aliwahi kuugua ugonjwa mkubwa.

"Saratani ya titi tu," alisema Gesche. "Waliliondoa zamani."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, mbona hukuniambia?"

"Mwanangu, nilidhani kwa daktari wa macho mtu hupeleka macho. Ningefungua vifungo vya blauzi hapa, ungesema bibi huyu kachanganyikiwa."

Alicheka peke yake.

Walivuta majimaji kidogo kutoka ndani ya jicho, na darubini ikaonyesha chembe za saratani ileile ya titi, zilizokuwa zimejificha kwa sura ya maambukizi. Vipimo vingine vikaikuta katika ini. Daktari alieleza kwamba mionzi ingeweza kulirudishia jicho nuru kiasi, lakini mwili usingepona. Gesche aliuliza jambo moja tu: kama angeliona tena wingu la kikombeni. Daktari, mzaliwa wa huku huku, hakuhitaji kufafanuliwa. Akajibu kwamba huenda.

Njiani kurudi, shemeji yangu alinigeukia.

"Basi nirudishie paka wangu," alisema. "Na upite buchani. Nyama nimeisingizia bure, nawe daktari mkuu ulinisaidia."

Nilipita buchani bila kujitetea.

Mionzi ilifanya ilichoweza. Mwezi Machi nilimtembelea, akakataa kuhudumiwa. Alimimina chai mwenyewe, akainamisha kichwa upande wa jicho bovu, akaegemeza kijiko ukingoni. Krimu iliingia ndani, ikachanua. Aliitazama mpaka ikatulia.

"Lile pale," alisema. "Halafu mlisema sijui kulenga."

Alikunywa kikombe hicho cha kwanza polepole. Nikainua birika nimwongezee, kama nilivyozoea tangu augue. Gesche alitia kijiko chake ndani ya kikombe.